Picha Idumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Rangi, Kanvasi na Chapa

Haya ni maswali yanayotufikia mara kwa mara karakanani kwetu Mwanga, mjini Kigoma. Wanaouliza ni vijana wanaojifunza kuchora, mafundi wa mabango wanaotaka kuhamia kwenye picha, walimu wa shule, na wateja walionunua picha na sasa wanaona dalili zisizowapendeza. Tumejibu kwa kutumia vitu vinavyopatikana sokoni, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na kwa maseremala wa hapa, kwa sababu ushauri unaoanza na "agiza kutoka Ulaya" haumsaidii mtu wa Gungu wala wa Ujiji. Pale ambapo kitu cha hapa hakifai, tumesema hakifai.

Kwa nini picha huharibika?

Kwa mwanga, kwa unyevu, na kwa haraka ya mchoraji. Mwanga na unyevu tunavyo kwa wingi. Kiangazi cha Juni hadi Septemba jua linapiga madirishani tangu asubuhi, kisha mvua zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, huku ziwa lenyewe liko chini ya miguu yetu. Kitambaa na mbao hunyonya unyevu huo vikatanuka, kiangazi vikasinyaa. Rangi iliyokaa juu yake ikishindwa kwenda nayo, inapasuka.

Watu wengi huitazama tyubu ya rangi kwanza. Sisi tukiletewa picha inayobanduka tunaigeuza, tunaangalia mgongo. Mara nyingi rangi haina kosa lolote: ilipakwa juu ya kitambaa kisichotandazwa sawasawa, juu ya vumbi, au juu ya tabaka ambalo halijakauka. Picha inayodumu hujengwa kuanzia chini, na kazi hiyo ya chini ndiyo rahisi kwa bei kuliko zote.

Shikamoo mwalimu. Sina hela ya kanvasi ya dukani. Naweza kutumia amerikani?

Marahaba. Unaweza, na wachoraji wengi wa nchi hii wameifanyia kazi. Chagua iliyofumwa kwa kubana: inyooshe mbele ya dirisha, ukiona vitobo vya mwanga kila mahali, iache. Ifue kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kisinyae sasa, kabla hakijawa picha. Ianike, ipige pasi, halafu ndiyo uitandaze kwenye fremu.

Fremu iwe ya mbao iliyokauka kwelikweli. Mbao mbichi itapinda na picha yako itapinda nayo. Tunapenda vipande vya mninga vinavyobaki kwa mafundi wa samani, kwa sababu mninga ukishakauka hauchezi sana msimu ukibadilika. Mwambie fundi akate ukingo wa ndani kwa mshazari, ili kitambaa kiguse mbao kwenye ukingo wa nje tu. Usipofanya hivyo, baada ya muda utaona mstari wa fremu umejichora mbele ya picha. Pembe zisipigwe gundi kabisa. Ziachwe ziweze kusogezwa kwa kabari ndogo, maana kitambaa kitalegea msimu wa mvua na utahitaji kukikaza.

Anza kupigilia katikati ya kila upande, uelekee pembeni, ukibadilisha pande. Ukianzia pembeni, mikunjo haitakuacha.

Jeso ni nini, na je, rangi ya maji ya ukutani inaweza kuwa jeso?

Jeso ni tabaka jeupe linalokaa kati ya kitambaa na rangi. Lina kazi mbili: kuishika rangi isiteleze, na kukilinda kitambaa. Kwa rangi za mafuta hii kazi ya pili ni ya lazima, kwa sababu mafuta yakiingia moja kwa moja kwenye pamba yanaiozesha taratibu mpaka inavunjika ukiikunja.

Rangi ya maji ya ukutani ziko za aina nyingi. Ile ya bei ya chini ya ndani ya nyumba ina chokaa nyingi na gundi kidogo. Ipake kwenye kipande cha ubao, iache siku mbili, kisha pitisha kiganja: kikitoka cheupe, hiyo haifai kubeba kitu chochote. Ile ya nje, iliyoandikwa akriliki kwenye kopo, yaani rangi ya maji yenye gundi ya plastiki, ina gundi ya kutosha kustahimili mvua na ndiyo tunayoishauri kwa anayeanza. Jeso halisi ya wachoraji ni bora zaidi, kwa sababu imetengenezwa ivutike pamoja na kitambaa. Ukipata mtu anayetoka Dar es Salaam, mwagize kopo moja la jeso kabla ya kumwagiza tyubu za rangi.

Gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na unga wa chokaa hutumiwa sana mashuleni. Kwa mazoezi sawa. Kwa picha utakayouza, hapana: nyingi hubadilika njano, na baadhi hutoa asidi kadiri zinavyozeeka.

Paka matabaka matatu membamba kuliko moja zito. La kwanza liende mlalo, la pili wima, kila moja likauke na kupitishwa msasa laini. Futa vumbi la msasa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kama utachora kwa mafuta juu yake, subiri siku tatu.

Rangi za makopo, zile za baiskeli, zinadumu? Si ndizo alizotumia Tingatinga?

Ndizo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi ya mafuta ya makopo juu ya hadibodi za mraba, nyingi zikiwa na upande wa sentimita 60 hivi. Alifariki 1972, na picha zake za miaka ile michache bado zinaonekana na kutafutwa. Angalia alichochagua: rangi ngumu inayong'aa juu ya ubao mgumu. Vinaendana.

Tatizo limekuja baadaye, rangi hiyohiyo ilipohamishiwa kwenye kitambaa ili picha iweze kukunjwa na mgeni aiweke kwenye begi. Rangi ya makopo ikishakaa miaka inakuwa kavu kama ganda la yai, na kitambaa kikikunjwa ganda hupasuka. Kwa hiyo ukipenda rangi hizi, chorea ubao. Ukitaka picha inayokunjika, tumia akriliki.

Nyeupe yake itaelekea njano kidogo, hasa picha ikikaa gizani. Na viwanda vya rangi za nyumba havikuahidi kwamba nyekundu au zambarau yao itavumilia jua kwa miaka 50; vimeahidi mlango utang'aa. Fanya jaribio la mwanga tulilolieleza mbele.

Hadibodi nayo ina adui wake, maji. Ikilowa kingo zinavimba na hazirudi. Ipake jeso mbele, nyuma na kwenye kingo zote nne. Ukipaka upande mmoja tu itapinda.

Kigoma mawese ni mengi. Siwezi kusaga rangi kwa mawese?

Hapana, na tunaomba swali hili lisambazwe kwa sababu tunaulizwa sana. Mafuta ya kuchorea hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Yanashika oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa ngozi ngumu. Si kila mafuta yana uwezo huo. Wakemia huupima kwa kiasi cha iodini ambacho mafuta yanaweza kushika: mafuta ya kitani hupita 170, alizeti huzunguka 130, mawese ni 50 hivi. Chini ya 115 mafuta hayakauki. Picha ya mawese itabaki na mafuta mwaka wa kwanza na wa kumi, itakamata vumbi lote la barabarani, na ile rangi nzuri ya machungwa itapauka kwenye mwanga hadi ibaki manjano hafifu.

Karanga nayo haikauki. Alizeti iko mpakani: baadhi ya viwanda hutengenezea rangi nyeupe kwa alizeti kwa sababu haigeuki njano upesi, lakini mafuta ya alizeti ya kupikia huchukua muda mrefu mno kukauka na ngozi yake ni laini. Tafuta mafuta ya kitani, ambayo madukani utayasikia yakiitwa linsidi. Yaliyoandikwa kuwa yamechemshwa ni ya kupaka milango. Yanakauka haraka kwa sababu yametiwa dawa, na yanageuka kahawia. Chukua yaliyo mabichi au yaliyosafishwa.

Naweza kuzimua kwa mafuta ya taa?

Usitumie mafuta ya taa. Yanaacha utando wa mafuta unaochelewesha kukauka. Petroli ni hatari kwako na kwa nyumba. Tumia tapentaini, madirisha yakiwa wazi.

"Mnene juu ya mwembamba" maana yake nini?

Kila tabaka la rangi ya mafuta liwe na mafuta mengi kidogo kuliko lililo chini yake. La kwanza zimua kwa tapentaini, lipauke na kuwa jepesi. La katikati tumia rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu. La mwisho ndilo uongeze mafuta ukitaka. Tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole na huendelea kusogea; ukiweka jepesi juu yake, la juu litakuwa limeshakuwa gumu wakati la chini bado linatembea, na utaona nyufa.

Kwa sababu hiyohiyo, usipake akriliki juu ya mafuta. Mafuta juu ya akriliki ni sawa.

Nyeupe ya zinki pia ni ya kuangalia. Ndani ya mafuta huwa ngumu na yenye kuvunjika miaka ikipita, na matabaka yaliyo juu yake huachia. Tumia ya titaniamu, ambayo kwenye tyubu imeandikwa PW6. Zinki ni PW4.

Kuna hatari gani karakanani?

Iliyo kubwa ni matambara. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona, joto linalotokana na kule kukauka linakusanyika ndani yake na kinaweza kuwaka moto chenyewe, bila kiberiti, saa chache baada ya wewe kufunga mlango. Kitandaze peke yake nje juu ya waya, au kitie kwenye ndoo ya maji. Hili wafundishwe hata watoto wanaosaidia kufagia.

Pia usilambe brashi kuinyoosha ncha. Na unga wowote wa rangi, hata wa udongo, usagwe ukiwa umefunika pua na mdomo.

Nitajuaje rangi itakayopauka?

Angalia mabango ya uchaguzi yaliyobaki ukutani. Baada ya miezi kadhaa nyuso za wagombea zinakuwa za buluu. Wino wa njano na wa waridi wa mashine za uchapaji umekufa kwa jua. Wa buluu na mweusi umebaki. Ndivyo inavyotokea kwenye picha, ila kwa mwendo wa taratibu zaidi. Mchoraji Mholanzi Van Gogh alipochora chumba chake cha kulala mwaka 1888 kuta zilikuwa za zambarau. Leo tunaziona za buluu, kwa sababu nyekundu iliyokuwa ndani ya mchanganyiko ilipotea.

Kwa hiyo usinunue kwa jina zuri la rangi, soma namba ndogo nyuma ya tyubu. Tunaamini PR101 na PY42, ambazo ni nyekundu na njano za chuma. PB29, ile buluu ya altramarini. PB15, buluu nyingine yenye nguvu sana. PG7 ya kijani. PBk7 nyeusi ya kaboni. Kwa waridi tafuta PV19 au PR122. PR83, nyekundu ya kale inayopendwa sana, hupauka, hasa ikipakwa kwa wembamba au ikichanganywa na nyeupe. Rangi zinazowaka kama fulana za bodaboda hazifai kabisa. Tyubu isiyo na namba yoyote ichukulie kuwa ya mazoezi.

Jaribio unaweza kulifanya nyumbani. Paka mistari ya kila rangi uliyonayo kwenye karatasi nene: nusu ya mstari nzito, nusu iliyochanganywa na nyeupe. Andika majina kwa penseli. Funika nusu ya karatasi kwa karatasi ya fedha ya jikoni, ibandike dirishani panapopigwa jua, uisahau kiangazi chote. Ukifunua mwezi Septemba utaona mwenyewe.

Udongo wa hapa unaweza kuwa rangi?

Ndiyo, na ni rangi nzuri kuliko nyingi za dukani. Wekundu wa udongo ni oksidi ya chuma, kitu kilekile kinachouzwa kwa jina la PR101. Haupauki. Michoro myekundu ya miambani kule Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni ya unga wa aina hiyo, nayo imekaa karne kwa karne wazi kwenye upepo.

Chimba chini ya udongo wa juu wenye mizizi, kwenye kingo za barabara zilizokatwa. Vunja mabonge, tia kwenye ndoo ya maji, koroga kwa nguvu, hesabu hadi kumi. Mchanga umeshazama; yamimine maji yenye rangi kwenye ndoo ya pili kabla hayajatulia. Rudia. Pitisha kwenye kipande cha khanga iliyochakaa. Acha ndoo usiku kucha, asubuhi mwaga maji meupe ya juu, na tope laini lililobaki ulianike kwenye sinia. Likikauka litapasuka vigae vyepesi. Ukisugua kimoja kati ya vidole unahisi kama unga wa sembe na kidole kinabaki na rangi kwenye mistari yake yote. Hapo limefika.

Tumia maji ya mvua. Maji ya ziwa Tanganyika yana madini mengi na yana ualikali, yaani kinyume cha asidi, na udongo wenye chumvi, kama ulio karibu na Uvinza, utarudisha ukungu mweupe wa chumvi juu ya picha.

Ukipata udongo wa njano, uweke kwenye kikaango kikuukuu juu ya moto wa mkaa ukikoroga. Unapita kwenye machungwa, kisha unakuwa mwekundu, kwa sababu maji yaliyofungwa ndani ya chuma hutoka. Ukitoa kidogo kidogo utapata rangi nne au tano kutoka ndoo moja. Nyeusi pata kwenye masizi ya taa ya kandili. Masizi ni kaboni tupu. Hakuna jua litakaloyashinda.

Huo unga nauchanganya na nini kama sina mafuta ya kitani?

Kiini cha yai. Wataliano wa karne ya 13 hadi ya 15 walichorea hicho kwenye mbao, na rangi zao zingali safi hadi leo.

Pasua yai, tenganisha kiini, kiweke kwenye kiganja kikavu. Kihamishe kutoka kiganja kimoja hadi kingine, ukifuta ute kila mara, mpaka ngozi yake ikauke na uweze kukishika kwa vidole viwili kama mfuko. Kining'inize juu ya kikombe, kitoboe chini kwa sindano, kitiririke, tupa ngozi. Ongeza maji kiasi kilekile. Changanya na unga wa rangi uliosagwa na maji hadi uwe kama uji mzito, nusu kwa nusu. Ipake kwenye kipande cha kioo: ikikauka na kubanduka kama utando, iko sawa, ikitoka unga, ongeza kiini.

Inakauka ndani ya dakika, kwa hiyo huwezi kuchanganya kwenye picha yenyewe. Chora kwa mistari midogo iliyopishana. Ni lazima uchore kwenye ubao, kamwe si kitambaa, kwa kuwa rangi hii haikunjiki. Mchanganyiko wa leo usiulaze mpaka kesho. Joto letu haliruhusu, na harufu itakufahamisha.

Nta ya nyuki ya Tabora ina kazi gani kwa mchoraji?

Nyingi. Misitu ya miombo ya Tabora hutoa asali na nta inayosafirishwa mbali, nasi tunaipata kwa bei ya kawaida kupitia reli. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65 hivi, na ikichanganywa na unga wa rangi unaweza kuipaka ikiwa ya moto kwenye ubao. Sura za watu zilizochorwa Fayum, Misri, kati ya karne ya 1 na ya 3, nyingi ni za nta, na macho yao bado yana unyevu wa uhai. Nta haigeuki njano kama mafuta na unyevu haupiti ndani yake.

Yeyusha kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji. Usiiweke moja kwa moja kwenye jiko la mkaa, itashika moto. Chuja takataka za mzinga. Picha ya nta isiachwe ndani ya gari lililosimama juani.

Nataka kuchapa picha. Nianze na nini bila mashine?

Na ubao, patasi, rola na kijiko. Plaiwudi yenye uso laini inatosha kwa kuanzia. Ukitaka mistari myembamba, tafuta mbao yenye nyuzi zilizobana, kama mpera uliokauka. Chora picha ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, hasa maneno. Unachochonga kitakuwa cheupe, unachokiacha kitashika wino. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali.

Zile zulia za plastiki za sakafuni zinazouzwa madukani si linoliamu halisi ya kuchongea chapa, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa maganda ya mti. Zinachongeka, ila zinateleza na zinararuka. Soli za kandambili ni nzuri kwa watoto.

Wino mweusi mwombe fundi wa uchapaji akupimie kutoka kwenye kopo la mashine: ni wa mafuta, ni wa kaboni, unadumu. Njano na waridi wake usitumie kwa sababu tuliyoiona kwenye mabango. Tandaza wino kwenye kioo kwa rola mpaka usikie sauti ya kunatanata. Rola ikiteleza kimya wino ni mwingi na mistari itaziba. Weka karatasi juu ya ubao, sugua mgongo wake kwa kijiko cha chuma kwa miduara midogo, ukiinua pembe moja kuchungulia bila kuiachia karatasi nzima.

Karatasi ndiyo itakayoamua umri wa chapa yako. Ya magazeti ina lignini, kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na hugeuka kahawia ndani ya wiki chache dirishani. Iliyoandikwa kwamba haina asidi, au ya pamba, ndiyo ya kuuza. Ukikosa, karatasi nyeupe ya fotokopi iliyo nzito ni afadhali kuliko kadi za rangi za steshenari.

Namba na sahihi ziandikwe kwa penseli chini ya picha: 1/20, 2/20, na kuendelea. Ukishafika 20, usiongeze. Mteja amelipia ahadi hiyo.

Kwa nini penseli na si bolpeni?

Risasi ya penseli ni kaboni. Wino wa bolpeni hupotea.

Picha zilizotolewa na printa zinadumu?

Wino wa pigmenti, yaani wenye chembe ngumu za rangi, ndiyo, ukiwa kwenye karatasi nzuri. Wino wa kawaida wa printa za ofisini hapana. Ziuze kama nakala, kwa bei ya nakala.

Tumeombwa kuchora ukuta wa shule. Tuzingatie nini?

Plasta mpya ya saruji iachwe angalau siku 28. Ikiwa mbichi ina ualikali mkali, na rangi ya mafuta juu yake hugeuka sabuni na kuteleza chini. Hata baada ya hapo, tumia akriliki ya nje. Buluu ya Prussia, PB27, huuawa na chokaa, tumia altramarini. Kagua sehemu ya chini ya ukuta: palipo na unga mweupe wa chumvi maji yanapanda kutoka ardhini, na mpaka mwenye jengo ashughulikie mfereji wa maji ya mvua, picha yako itaanguka kuanzia miguuni. Mwambie mwalimu mkuu kabla ya kuanza, si baada ya kubanduka.

Vanishi ya mbao inafaa kumalizia?

Haifai. Inageuka njano na haiwezi kutolewa bila kutoa picha. Vanishi ya wachoraji imetengenezwa ili baada ya miaka 30 au 40, ikishachafuka, fundi aiondoe na kupaka nyingine. Picha ya mafuta isubiri miezi sita hadi mwaka ndipo ipakwe. Kama huna vanishi hiyo, acha picha bila kitu.

Dada yangu yuko Dar, nataka kumtumia picha kwa treni. Niifungeje?

Safari ni zaidi ya kilomita 1,200 na behewa linapata joto. Akriliki hulainika kwenye joto, na picha mbili zikilazwa uso kwa uso zitagandana. Usiifunike kwa gazeti wala kwa plastiki yenye vibonge. Vibonge huacha alama za mviringo usoni. Weka karatasi ya kuokea mikate juu ya rangi kwanza.

Picha ya kitambaa iviringishwe kwenye bomba pana la plastiki la maji taka, la inchi 4 au zaidi ya hapo, uso wa picha ukiwa nje. Watu hugeuza uso ndani wakidhani wanaulinda, lakini rangi iliyo ndani hubanwa na kujikunja. Ikifika, dada afungue siku hiyohiyo na kuilaza. Ya ubao isafiri imesimama, katikati ya vipande viwili vya plaiwudi.

Nitundike wapi nyumbani?

Ukuta wa ndani usiopigwa jua, mbali na jiko. Moshi wa mkaa huacha mafuta na masizi. Ukuta wa nje wa nyumba iliyo karibu na ziwa hutoa jasho msimu wa mvua. Bandika vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipite. Msimu huo igeuze kila baada ya wiki chache uangalie mchwa na ukungu.

Tayari imeota ukungu. Niifute kwa sabuni?

Usitie maji. Itoe nje kivulini, hewa ikiwa kavu, iache siku nzima. Funika pua, halafu pangusa kwa brashi laini kavu, taratibu, ukielekeza vumbi mbali nawe. Rangi ikiwa inabanduka, acha hapohapo na uilaze chali mpaka mtu anayejua aione. Viazi, mkate na limao, ambavyo watu hushauriana, huacha chakula cha ukungu unaofuata.

Nyuma ya picha niandike nini?

Jina lako, mwaka, mahali, na vitu ulivyotumia: "amerikani, jeso ya akriliki, udongo wa Kigoma, mafuta ya kitani, haina vanishi." Fundi atakayeitengeneza ukiwa haupo atajua aguse kwa maji au kwa tapentaini. Andika kwa penseli kwenye mbao ya fremu. Kalamu ya maka kwenye mgongo wa kanvasi hupenya kitambaa na jeso, na siku moja maandishi hujitokeza mbele.